Aliyetupwa nje ya ulingo ndiye aliyeshinda!

Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani, tuzungumze ndondi. Na wewe dada usifungue ukurasa mwingine, maana hili linakuhusu hata kama hujawahi kurusha ngumi.

Kuna mchoro mmoja maarufu wa masumbwi unaoitwa Dempsey and Firpo. Aliuchora Mmarekani George Bellows mwaka 1924, na uko kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Mimi nimeuona kitabuni tu, nauli ya huko naipata wapi! Bondia mmoja anaanguka chali nje ya kamba, juu ya vichwa vya watu waliokaa mbele. Juu yake kasimama jitu, Luis Firpo wa Argentina, katoka kuachia konde.

Mwonyeshe mtu yeyote kijiweni umuulize nani kashinda. Atakwambia Firpo, tena kwa kujiamini. Kachemsha! Pambano hilo la Septemba 14, 1923 alishinda huyo huyo aliyetupwa nje, Jack Dempsey. Alirudi ulingoni, na raundi ya pili akammaliza Firpo kwa nokauti.

Sasa kitu kinachonikuna ni namna alivyorudi. Hakupaa. Waandishi wa habari waliokaa chini ya ulingo ndio waliomsukuma juu. Watu walibishana sana, maana sheria inataka bondia arudi mwenyewe. Poa, hiyo ni sheria ya ulingo. Maisha hayana refa wa namna hiyo.

Kwetu Mbulu tunaye Dempsey wetu, ila yeye hakushinda. John Stephen Akhwari alikwenda kukimbia marathoni ya Olimpiki, Mexico City, Oktoba 20, 1968. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, pumzi ni ya kutafuta. Katikati ya mbio wakimbiaji wakapigana vikumbo, jamaa akaanguka, akaumia vibaya goti na bega. Madaktari wakamfunga bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, akichechemea, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Jirani zetu Hanang nao wana Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Dhahabu, jamani! Lakini uliza vijana kumi mjini, wengi watamtaja yule wa mwisho. Watu wanasahau medali, hawasahau aliyeinuka.

Halafu ikaja Desemba 3, 2023. Jumapili alfajiri, mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ikameguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa, nyumba na maduka vikafukiwa. Hilo lilikuwa konde la kumtoa mtu nje ya kamba kabisa.

Na Katesh iliinukaje? Kwa mikono ya watu. Majirani walichimba tope kutafuta watu, wanajeshi wakaja, malori ya chakula na nguo yakatoka mikoa mingine. Hakuna aliyewaambia wale mama, "Inukeni wenyewe, sheria ndivyo inavyosema."

Hapo ndipo ninapogombana na washikaji zangu wa mjini. Mtu kafeli mtihani, biashara imekufa, au kaachwa, anajifungia chumbani wiki mbili. Ukimgongea anasema yuko fiti. Anaona kuomba msaada ni ulegevu, mwanaume anakausha. Wengine wamekausha hadi tukawazika.

Bwana wee, Dempsey alikuwa bingwa wa dunia na bado alisukumwa mgongo. Akhwari bila bandeji asingefika. Kwetu hata shamba tunalima kwa msaragambo, itakuwa kuinuka?

Kwa hiyo kama umeanguka, hebu piga kelele. Mwambie kaka, shangazi, hata yule muuza chips anayekukopesha. Na wewe uliyekaa mbele unaangalia pambano la mwenzako, usikunje mikono na kuhesabu hadi kumi. Leo hii kuna mtu unayemjua amekuwa kimya muda mrefu. Mgongee mlango, akisema yuko fiti, usiondoke.