Mama Amesaini, Lakini Amesaini Nini?

Kwenye ndoa nyingi za vijana wa mjini, ugomvi wa hela hauanzii kwenye mshahara, unaanzia kwa wazazi. Mama mkwe yuko Moshi, miguu haimruhusu tena kupanga foleni benki. Nyumba yake ya Dar ina wapangaji wasumbufu, na mwanawe wa kiume ndiye "anayeshughulikia". Anashughulikia kwa karatasi gani? Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Wifi anauliza kodi inakwenda wapi, mke analalamika Jumamosi zote zimeliwa na wapangaji, na mama mwenyewe hana hakika alisaini nini.

Karatasi inayotakiwa ni hati ya uwakilishi. Kwa hati hiyo, mzazi anampa mtu anayemwamini mamlaka ya kutenda kwa niaba yake: kupokea kodi, kufuatilia pensheni, kusaini mikataba ya wapangaji au hata kuuza kiwanja. Haimpi mtu mali. Nyumba inabaki ya mama, na kodi ni ya mama.

Hati nayo hufa

Wengi hudhani wakishapata hati wamemaliza, hata mzee akianza kupoteza kumbukumbu. Si hivyo! Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema uwakala unakoma pale aliyetoa mamlaka anapofariki au kupoteza utimamu wa akili. England na Wales wana hati ya aina nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ambayo huendelea hata mzee akishikwa na maradhi ya kusahau. Hati yetu ya kawaida haina uhai huo.

Mzee akifikia hatua hiyo, ndugu huenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Akifariki, mambo yanahamia kwenye mirathi. Anayeuza kiwanja cha marehemu kwa hati ya zamani anajitafutia kesi.

Kwa hiyo mzungumze sasa, mzee akiwa na akili zake. Fanyeni hivi:

1. Mzee achague mwenyewe. Si lazima awe kifungua mimba wala mwenye gari. Achague mwaminifu.

2. Andikeni mamlaka kwa mipaka. "Kupokea kodi ya nyumba" ni tofauti kabisa na "kushughulikia mali zangu zote".

3. Asaini mbele ya wakili, baada ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Ikihusu ardhi iliyosajiliwa, hati isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Benki nayo iulizwe mapema, maana huwa na fomu zake.

4. Mwakilishi aweke hesabu. Sheria inamtaka atoe maelezo ya fedha anazopokea. Daftari moja na akaunti ya pembeni vitaokoa undugu, na ndoa pia.

5. Mzee anaweza kufuta hati. Akifanya hivyo, mwakilishi, benki na ofisi ya ardhi wapewe taarifa kwa maandishi.

Na kama hakuna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo anaweza kuomba msaada bure. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inaweza kukuelekeza.

Wewe mke au mume wa mwakilishi, usijifanye hayakuhusu. Muda wa mwenzako ni wako pia, na lawama zikija zitagonga mlango wenu wote wawili. Ila fedha za mkwe si bajeti ya nyumbani kwenu, hata mwezi ukiwa kwenye kona.

Jumapili hii mkimpigia mama simu, msiishie kwenye "shikamoo" na "umekula nini". Muulizeni anataka nani amsimamie mambo yake, kisha mwacheni ajibu mwenyewe.