MSHAURI MWANAO KWA KAZI ZA WAKATI WAKE

Mkulima, wazazi wengi huuza ng'ombe au hukodisha sehemu ya shamba ili mtoto aendelee na masomo. Mali hiyo ni jasho lako. Basi kabla ya kuitoa yafaa ujue mtoto anasomea kazi gani, na kama kazi hiyo ingalipo. Ushauri uliokufaa wewe ulipokuwa kijana pengine hautamfaa yeye.

Ushauri hufuata nyakati

Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963, kazi nyingi za ofisini zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Serikali ilitaka wananchi wazishike upesi, na Tume ya Elimu ya Profesa Ominde, ya mwaka 1964, ilihimiza masomo ya kuwapata watu hao. Wakati huo mwalimu aliyemshauri kijana asomee ukarani alimwongoza vyema.

Lakini nafasi zilijaa, na shule zikazidi kutoa vijana. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha kuwashauri na kuwaelekeza wanafunzi. Mwaka uliofuata wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa walieleza kwamba mafundi na wachuuzi wadogo nao huijenga nchi. Mwaka 1985 ukaja mpango wa 8-4-4, wenye useremala, ushonaji na kilimo, ili kijana aweze kujiajiri. Mwaka 1993 Serikali ilianza kupunguza watumishi wake, na wengi waliodhani kazi ya Serikali ni ya maisha walirudi nyumbani.

Tazama Namanga na Kitengela

Mpaka wa Namanga ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005. Desemba 2018 Marais Kenyatta na Magufuli walifungua kituo cha pamoja, na sasa msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia.

Zamani kijana aliyejua kujaza fomu za forodha aliweza kupata riziki mpakani. Siku hizi hati hizo hupita katika kompyuta. Anayetaka kazi hiyo lazima ajue hesabu, kompyuta na sheria za forodha. Wakati huo huo malori yanahitaji makanika, na biashara ya mifugo inahitaji watu wanaojua afya ya wanyama na bei za masoko ya pande zote mbili.

Kitengela nako, malisho mengi yamegeuka kuwa nyumba. Karibu yake, huko Athi River, kuna viwanda vilivyojengwa chini ya sheria ya mwaka 1990 ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje. Pahali pa namna hiyo fundi wa umeme, wa mabomba au wa mashine hatafutwi kwa bahati, anahitajika.

Uchaguzi wa sasa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Njia ni tatu: sayansi, ufundi na hisabati, elimu ya jamii, na sanaa na michezo. Njia huchaguliwa mtoto akiwa Gredi ya 9, naye huisoma miaka mitatu. Akichaguliwa vibaya, ni yeye atakayepoteza wakati na wewe utakayepoteza karo.

Mambo ya kufanya

1. Nenda shuleni ukaonane na mwalimu wa ushauri mapema, kabla ya siku ya kujaza fomu. Uliza mtoto ana nguvu katika somo gani.

2. Mwulize mtoto mwenyewe, msichana kama mvulana. Usimchagulie kazi kwa sababu jirani amemchagulia mwanawe.

3. Mpeleke akaone kazi hiyo inavyofanywa: gereji, kiwandani, kwa daktari wa mifugo. Aulize mshahara na njia ya kuanza.

4. Kabla ya kulipa karo ya chuo cha ufundi, hakikisha kimeandikishwa na TVETA. Usiridhike na tangazo la barabarani.

5. KUCCPS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, huwapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo vya ufundi. Kazi yake pia ni kuwaelekeza katika kuchagua masomo. Itumie.

6. Usidharau shamba. Lakini atakayebaki shambani naye apate elimu, kwa maana ekari chache zinataka maarifa mengi.

Huwezi kupanda mbegu za mvua ndefu wakati wa mvua fupi ukatazamia mavuno yale yale. Sheria ya nchi ikibadilika, au kiwanda kikifunguliwa karibu nawe, keti na mwanao mzungumze upya habari ya kazi.