Kiharusi Hupata Watoto Pia



Wapenzi wasomaji, wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee tu. Sisi wauguzi tunapokea pia watoto waliopooza upande mmoja, na mara nyingi huletwa wamechelewa. Nyumbani walidhani ni degedege au kurogwa, au mkono ulirudiwa na nguvu wakasema mtoto amepona. Nafuu ya namna hiyo inadanganya.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, chanzo cha kufikiriwa kwanza ni selimundu. Chembe za damu zenye umbo la mundu huumiza mishipa ya ubongo, ikawa myembamba hata kuziba. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba, bila kinga, watoto wapatao 11 katika kila 100 wenye selimundu kali hupata kiharusi kabla ya miaka 20.

Zipo pia kasoro za mishipa zilizo adimu. Moja ni moyamoya, neno la Kijapani. Mishipa mikuu ya ubongo huziba polepole, na mishipa midogo huota kusaidia. Katika picha huonekana kama moshi. Selimundu nayo huweza kuileta. Mtoto akilia sana, au akipuliza moto wa kuni, hulegea mkono au kukosa maneno kwa dakika chache, kwa sababu kupumua kwa nguvu hupunguza damu iendayo ubongoni.

Nyingine ni fundo la mishipa ambalo kwa kawaida mtoto huzaliwa nalo. Likipasuka, kichwa huuma ghafla na vikali, mtoto hutapika na pengine kupata degedege.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Mlaze mtoto kwa ubavu. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa, anaweza kupaliwa.
2. Usimchanje chale, wala usimpe aspirini. Huenda damu inavuja ubongoni.
3. Kumbuka saa dalili zilipoanza, umpeleke hospitali mara moja, hata kama zimekwisha.
4. Akiwa na selimundu, asikose kliniki. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza hatari ya kiharusi.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, huhudumia watoto wenye selimundu. Ombeni cheti cha rufaa mapema.

Ndugu wazazi, tusali, lakini tukisali tuwe tayari njiani kwenda hospitali. Mungu awabariki.