Nani anapoteza? Swali la Calestous Juma katika tambarare za Kitengela

Ukitoka mjini Kitengela magharibi, ukaiacha barabara ya Namanga na kushika njia ya vumbi kuelekea Mto Empakasi, huenda ukaona taa ndogo zikiwaka na kuzima juu ya nguzo za boma. Mgeni hudhani ni mtu anayezunguka na tochi. Simba naye hudhani hivyo hivyo, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Taa hizo zilibuniwa na Richard Turere, mvulana wa Kimaasai ambaye kwao ni kando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda malishoni. Wakitoka, simba huwafuata, na simba akikosa pundamilia huingia zizini. Turere ndiye aliyekuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa babake. Kwanza aliwasha moto, kumbe anawamulikia simba njia. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakageuka, siku ya pili wakatambua kwamba kile kitu hakisogei. Usiku mmoja akazunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akang'amua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kidude cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akaziunganisha ziwake kwa zamu huku zimeelekezwa nje. Umeme alijifunza kwa kufungua redio ya mamake. Alikuwa na miaka 11.

Alipoalikwa California kuzungumza katika mkutano wa TED mwaka 2013, tayari alikuwa amewafungia majirani taa hizo katika maboma saba. Hakukuwa na baraza la chifu kuwashawishi, wala semina ya hamasisho. Walizitaka wenyewe.

Mbona basi teknolojia nyingine hupigwa vita miaka nenda miaka rudi? Mkenya aliyelifanya swali hilo kazi ya maisha yake ni Calestous Juma.

Juma alizaliwa mwaka 1953, akakulia Port Victoria, Busia, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Alianza na chaki, akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaingia gazeti la Daily Nation kuandika habari za sayansi na mazingira, fani ambayo wakati huo haikuwa na mwenyewe katika magazeti yetu. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1987. Mwaka huo huo yeye na Norman Clark walichapisha Long-Run Economics, kitabu kinachoutazama uchumi kama kiumbe kinachobadilika polepole. Mwaka 1988 alianzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, ACTS. Kuanzia 1995 hadi 1998 aliongoza sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bayoanuwai, kisha akahamia Harvard kufundisha. Alifariki Boston mwezi Desemba 2017, akiwa na miaka 64.

Ukimsoma utaona kwamba ule uandishi wa habari haukumtoka. Kitabu chake Innovation and Its Enemies, cha mwaka 2016, kinazungumzia maadui wa uvumbuzi, lakini kimejaa visa ambavyo ungevisimulia hata kwenye matatu. Kahawa, kwa mfano. Mwaka 1511 gavana wa Makka aliipiga marufuku. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kwamba inalewesha. Lakini palipo na kahawa huwa na baraza, na barazani watawala husemwa; mzee yeyote wa Lamu atakwambia hivyo. Au majarini. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani waliona soko la siagi likiwaponyoka, wakashinikiza hadi bunge likaitoza kodi mwaka 1886. Baadhi ya majimbo yaliamuru itiwe rangi ya waridi, ili mnunuzi akiiona mezani ashikwe na kichefuchefu.

Hoja ya Juma ni kwamba watu hawakipingi kitu kwa sababu ni kipya. Wanachokipinga ni hasara: kipato kitakachokatika, heshima itakayopungua, desturi itakayokosa mahali. Ugomvi huwa mkali zaidi pale faida inapomwendea mmoja na gharama ikamwangukia mwingine. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, mzaliwa wa Milki ya Austria-Hungaria aliyefundisha Bonn, Ujerumani, kabla ya kwenda Harvard, alikuwa ameshasema kwamba ubepari hujenga kwa kubomoa. Juma alichukua hoja hiyo, kisha akawageukia waliokuwa ndani ya nyumba inayobomolewa.

Ukishaelewa hivyo, kisa cha Turere kinajieleza. Aliyelala roho juu kwa ajili ya simba ndiye aliyefunga taa, na ndiye aliyeamka akakuta ng'ombe wake wote wapo. Gharama na faida zilikaa katika boma moja.

Teknolojia iliyoibadilisha Kitengela zaidi, hata hivyo, haiwashi taa. Ni hatimiliki pamoja na seng'enge. Nakiita cheti cha ardhi teknolojia nikimfuata Juma, aliyesisitiza kwamba vyombo, sheria na taasisi hukua pamoja. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Viwanda vya ukanda wa bidhaa za kuuza nje huko Athi River vikaja miaka ya 1990, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Vipande vikakatwa kuwa ploti, ploti zikazungushiwa seng'enge.

Faida yake haina ubishi. Mwenye hatimiliki hukopa, hujenga, hurithisha. Lakini mfugo hauli cheti. Ukame ukiingia, mfugaji wa Kitengela huokolewa na kuhama, na kila ua mpya humzungusha. Wanyamapori nao walifungiwa njia zile zile. Taa ya Turere hulinda zizi usiku. Njia ya pundamilia iliyozibwa mchana iko nje ya uwezo wake. Juni 2012, wakati taa hizo tayari zimebuniwa, simba sita waliuawa Kitengela katika siku moja baada ya kuua mbuzi.

Je, anayepoteza anaweza kufidiwa? Juma ana kisa kinachofaa hapa. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, kwa hofu kwamba sahani za santuri zingewaondolea riziki ya kupiga muziki ukumbini. Mgomo ulimalizika pale kampuni za muziki zilipokubali kutia sehemu ya mapato katika mfuko wa wanamuziki. Sahani zikaendelea kuuzwa, na aliyeumia akapata chake.

Kitengela ilijaribu njia ya aina hiyo. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi waliokubali kuiacha wazi, bila ua, walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka. Fedha zilitolewa kwa mikupuo mitatu, wakati shule zinafunguliwa, na kwa mzazi mwenye karo ya kulipa hilo lilikuwa na uzito wake. Udhaifu ulikuwa katika hesabu: dola 4 haziwezi kushindana na dalali wa ploti, na mfuko wenyewe ulitegemea wafadhili.

Juma naye alikuwa na upande asiouona. Aliyatetea kwa nguvu mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, ambayo Kenya iliyapiga marufuku Novemba 2012 na kuyaruhusu Oktoba 2022, ubishi ukahamia mahakamani. Mwaka 2015 gazeti la Boston Globe liliripoti kwamba mada ya makala yake moja kuhusu mazao hayo ilikuwa imependekezwa na kampuni ya mbegu ya Monsanto, naye hakulisema hilo katika makala. Alijitetea kwamba hakulipwa. Sioni kwamba hilo linaifuta kazi yake; linaithibitisha hoja yake. Mkulima anayeuliza mbegu ni ya nani ana sababu, na Juma mwenyewe alikuwa ameliuliza swali hilo mwaka 1989 katika The Gene Hunters, kitabu kinachohusu mng'ang'anio wa mbegu.

Kwa hiyo mpima ardhi akija na vigingi vyake, ramani ikatandazwa mezani, na mzee mmoja wa nyuma akainuka na rungu lake kuuliza ng'ombe watapitia wapi kwenda mtoni, msiseme mzee amepitwa na wakati. Mpeni kiti cha mbele, kisha mumjibu kabla kigingi cha kwanza hakijagongwa.