Ukungu wa kijani: mchwa walitutangulia

Maswali ya wakulima wa uyoga mamama huku Kigoma yanarudi palepale: mfuko ulikuwa mweupe pee, baada ya siku chache umegeuka kijani. Kulikoni?

Si jicho la jirani, wala si mwanamke aliyeingia bandani akiwa hedhini. Niacheni na hayo. Ni ukungu uitwao Trichoderma, wa jamii ileile inayouzwa kama rafiki wa nyanya kwa kuwa hushambulia kuvu wengine. Uyoga nao ni kuvu. Ukipuliza dawa ya kuua kuvu, unaweza kumpiga mgonjwa na ugonjwa kwa pamoja.

Ndiyo maana Ufaransa wakulima wa uyoga hutia kwenye mboji bakteria wa jamii ya Bacillus, aina ya QST713, aliyetokana na udongo wa shamba la mapichi huko California. Bakteria huyo hutandaza utando juu ya mboji na kutoa kemikali zinazofanya kazi kama sabuni: hupenya ngozi ya mafuta inayozunguka seli ya Trichoderma, ikatoboka, vya ndani vikavuja. Uyoga huzihimili zaidi.

Wenye ujuzi huu wa kale, hata hivyo, wako kwenye vichuguu vyetu. Uyoga tunaouokota hapo mvua zikianza hauoteshwi na radi. Hulimwa na mchwa. Mfanyakazi humeza mabaki ya mimea pamoja na mbegu za uyoga, kisha huyatoa kuwa tabaka jipya la bustani. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa Bacillus wanaoishi na mchwa aina ya Macrotermes natalensis hutoa kemikali inayozuia kuvu maadui wa uyoga huo. Ukiwaondoa mchwa, bustani humezwa na magugu ya kuvu. Na kilimo hicho si cha jana: Bonde la Rukwa, jirani zetu, zimepatikana bustani za mchwa zilizogeuka mawe, za miaka milioni 25 hivi.

Sasa wapo wauza chupa zisizo na lebo, eti "bakteria rafiki". Rafiki yupi? Wapo Bacillus wanaoozesha mbegu za uyoga zikanuka uchachu, maana spora zao hustahimili maji yanayochemka. Dai jina, aina na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hakuna? Usinunue.

Mengine mnayajua: chemsheni mabua vizuri, naweni mikono, mfuko wenye kijani utolewe bila kufunguliwa, ukafukiwe mbali na banda. Bakteria ni kinga. Mfuko uliokwisha kugeuka kijani hauna dawa.