Kununua Tena na Kuteketeza: Fedha Hutoka Wapi?



Malipo ya kahawa yanapofika Kasulu na Kibondo, wauzaji wa kila aina hawako mbali, na siku hizi wengine hupitia katika simu. Miongoni mwao wamo wanaouza tokeni, yaani sarafu za mtandao, kwa ahadi kwamba kampuni "itanunua tena na kuteketeza" sehemu yake kila mara, na kwa hiyo bei haina budi kupanda. Mwanachama akimwendea katibu kuuliza maana ya maneno hayo, yafaa apate jibu.

Tokeni ni alama iliyoandikwa katika daftari la pamoja la mtandao. Kampuni iliyoitoa hununua baadhi sokoni, kisha huzipeleka kwenye anwani isiyo na ufunguo, ambako hakuna awezaye kuzitoa tena. Huko ndiko kuteketeza. Hapana moto wala majivu. Hoja yao ni kwamba kitu kikiadimika, bei hupanda.

Tuipime hoja hiyo kwa hesabu ya chama cha msingi, tukiweka kando kwa sasa sheria za hisa za ushirika. Chama kina hazina ya shilingi 10,000,000 na hisa 1,000. Kila hisa ina shilingi 10,000 nyuma yake. Chama kikinunua hisa 200 kwa bei hiyo na kuzifuta, shilingi 2,000,000 zimetoka. Zimebaki 8,000,000 kwa hisa 800. Gawanya: ni 10,000 ileile. Hisa zimepungua, na fedha nazo zimepungua. Kama hazina iliongezeka, iliongezwa na biashara, wala si na kuteketeza. Tena hisa ina mali nyuma yake. Tokeni nyingi hazimpi mwenye nazo haki yoyote juu ya mali ya kampuni.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya FTX, soko la sarafu za mtandao lililoanzishwa mwaka 2019 na Sam Bankman-Fried. Iliahidi kutumia theluthi moja ya ada zake kununua na kuteketeza tokeni yake, FTT, na kazi hiyo iliifanya kwa ratiba. Yeyote aliweza kuhesabu zilizoteketezwa. Kisichoonekana ni kwamba kampuni ndugu, Alameda Research, ilikuwa na lundo la FTT hizohizo, ikiziweka rehani kwa mikopo, na kwamba fedha za wateja zilikuwa zimechukuliwa. Habari za vitabu vya Alameda zilipochapishwa tarehe 2 Novemba 2022, wateja walikimbilia kutoa fedha zao. Tarehe 11 FTX iliomba kinga ya mufilisi Marekani. Zilikosekana dola bilioni 8 hivi za wateja. FTT, iliyouzwa zaidi ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi, ilishuka chini ya dola 3. Mwanzilishi alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024.

Basi kuteketeza kulikuwa kweli, na wenye akiba waliumia vilevile. Daftari la mtandao huonyesha kilichochomwa. Halionyeshi madeni, wala fedha ya kununulia imetoka wapi. Ikiwa imetoka kwa wanunuzi wapya, huo ni upatu, hata ukiitwa kwa jina jingine. Mwanachama aulize pia waanzilishi wamebaki na tokeni ngapi, na nani anaweza kutoa nyingine kesho. Mkaguzi wa vitabu ni nani? Chama chetu hakipiti mkutano mkuu bila swali hilo.

Tulinganishe na noti. Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, aliyezipeleka benki alipewa thamani kamili ya noti zake.

Wauzaji wengine husema kwamba Serikali imekwisha kubali sarafu hizi, kwa kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wake. Kutozwa kodi si kudhaminiwa. Ilani ya Benki Kuu ya Novemba 2019 ilieleza kwamba fedha halali nchini ni shilingi.