Kaskazi, Kusi na Mgeni wa Kwale

Aghalabu mwaka wa utalii katika Pwani ya Kenya hugawanywa mafungu mawili: miezi ya wageni wengi na miezi ya wageni wachache. Mgawanyo huu una athari kwa maisha ya watu. Baina ya Aprili na Juni, baadhi ya hoteli hupunguza wafanyakazi, nao wauza vinyago ufuoni hukosa wateja. Waswahili, kwa upande wao, huugawa mwaka kwa pepo na mvua. Mfano wa Kaunti ya Kwale unabainisha kwamba msamiati huo waweza kumwongoza mgeni mwaka mzima.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Huu ni wakati wa kiangazi: jua ni kali, bahari ni shwari na maji ni maangavu. Ndio msimu wa kupanda jahazi kutoka Shimoni hadi Kisite kutazama pomboo na matumbawe.

Mnamo Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, ukaandamana na mvua za masika. Bahari huchafuka, mwani hutupwa ufuoni, na mvuvi wa mtumbwi huvua ndani ya mwamba tu. Hapo mgeni aelekezwe kwenye Milima ya Shimba, kusini magharibi mwa Mombasa. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka wa 1968, ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya. Upepo wa bahari unapoipanda milima hiyo huleta ukungu na mvua zinazoustawisha msitu. Maji ya chemchemi za Marere nayo husafirishwa kwa mabomba hadi Mombasa. Kwa hivyo mlima na pwani hutegemeana.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Ubaridi wake huwafaa wanaozuru Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2008. Kuanzia Julai hadi Septemba, nyangumi hupita baharini. Baadaye kusi hulegea, ikaja tanga mbili, kipindi cha pepo zisizotulia, pamoja na mvua za vuli.

Ni dhahiri kuwa hakuna mwezi usio na cha kuonyesha. Ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuyakusanya maneno haya kutoka kwa manahodha na wavuvi ili yatumike katika vijitabu vya wageni. Yakipotea, Aprili itabaki kuitwa mwezi mbaya, na mhudumu wa hoteli ataendelea kurudishwa nyumbani.